Sungura Anapotafuna Katoni: Je, Kuna Hatari?

SOMO KWA VIKUNDI VYA KUJISAIDIA



Katika toleo hili tumeonelea vyema tujibu swali ambalo tumeulizwa mara nyingi tukitembelea vikundi vya upande wa Ewuaso Kedong. Swali lenyewe ni hili: sungura akitafuna katoni, je, atadhurika?

Huenda wengine wakacheka na kusema hilo ni swali la watoto. Kweli, aliyetuuliza mara ya kwanza alikuwa mtoto. Lakini kwa kutolijibu vizuri kuna kikundi kilichopoteza mali, na sisi tuliokuwa tukikifundisha tulipata aibu. Basi someni polepole, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza, kisha mjadili maswali yaliyoko mwishoni.

Lengo la somo. Baada ya somo hili kila mwanakikundi aweze:
(a) kueleza kwa nini sungura hutafuna;
(b) kuchagua katoni iliyo salama na kukataa isiyo salama;
(c) kutambua mapema sungura aliyefungana tumbo;
(d) kujua la kufanya nyasi zinapoisha.

1. YALIYOTOKEA

Ilikuwa mwaka wa 2022. Wote mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mvua ilikuwa imekosa msimu baada ya msimu tangu mwisho wa 2020, na Septemba 2021 serikali ilikuwa imetangaza ukame kuwa janga la taifa. Huku kwetu Kajiado ng'ombe walikuwa wakianguka na kushindwa kuinuka. Boma nyingi zilibaki na mbuzi wachache tu.

Wakati huo kulikuwa na kikundi cha akina mama kilichokuwa kimeanza kufuga sungura. Walikuwa na majike wanane na dume mmoja. Sungura hahitaji malisho mapana, hahami, na mama anaweza kumtunza nyuma ya nyumba. Mbao za kutengeneza masanduku ya kuzalia zilikuwa ghali, kwa hiyo sisi tuliwashauri watumie katoni kutoka madukani. Tuliwaonyesha jinsi ya kukata mlango na kuweka nyasi ndani. Tukafunga mafunzo, tukanywa chai, tukaondoka.

Katika boma la mama mmoja kulikuwa na msichana wa darasa la tano aliyekuwa na sungura wake mwenyewe, jike mweupe wa kufuga tu kwa kumpenda. Alimpa jina Enkiteng, yaani ng'ombe, kwa sababu ng'ombe wa kwao walikuwa wamekwisha. Siku tuliporudi alitufuata hadi kwenye gari akauliza:

"Mwalimu, koko anasema Enkiteng atakufa kwa sababu anakula nyumba yake. Ni kweli?"

Tulikuwa na haraka. Tukamwambia, "Usijali mtoto wetu, sungura ni mnyama wa kutafuna." Tukaenda zetu.

Wiki tatu baadaye mwenyekiti alitupigia simu. Majike wawili wa kikundi walikuwa wamekufa na wa tatu hakuwa akila. Tulifika pamoja na ofisa wa mifugo. Alimpasua mmoja mbele yetu. Tumboni hamkuwa na nyasi hata kidogo. Mlikuwa na donge kavu la karatasi iliyotafunwa, limechanganyika na manyoya na vipande vya utepe wa kunata.

Akina mama walianza kulaumiana. Mmoja akasema ni katoni, zote zichomwe. Koko wa yule msichana akasema, "Niliwaambia!" Lakini tulipoenda kumwangalia Enkiteng tulimkuta mzima, macho maangavu, na katoni yake ameila karibu nusu!

Hapo ndipo tulipoanza kufikiri. Sungura hawa wote walitafuna katoni. Mbona wengine walikufa na huyu akapona?

2. KWA NINI SUNGURA HUTAFUNA

Sungura tunaowafuga si ndugu wa karibu wa yule sungura wa porini tunayemwona akikimbia vichakani. Huyu wetu asili yake ni sungura wa mwitu wa Ulaya, wa upande wa Hispania, ambaye huchimba shimo na kuishi chini ya ardhi. Ndiyo sababu jike anayekaribia kuzaa hutafuta mahali penye giza, na akipewa katoni huikwaruza, huikata na kuitengeneza apendavyo. Hiyo ni kazi yake ya kawaida.

Jambo la pili ni meno. Sungura ana meno 28, na yote huendelea kukua maisha yake yote. Yale ya mbele hukua kama milimita 2 hadi 3 kila wiki. Asipoyasugua yanarefuka, yanajipinda, na mwishowe anashindwa kula. Kwa hiyo lazima atafune kitu.

Lakini sikilizeni hapa vizuri, maana ndipo wengi hukosea. Katoni husaidia meno ya mbele tu, tena kidogo. Meno ya nyuma, yale ya kusaga, husuguliwa na nyasi. Sungura akila nyasi taya lake huenda upande huu na upande ule, kama jiwe la kusagia, na nyasi zenyewe ni ngumu kidogo kama msasa. Mnyama anayekata katoni mchana kutwa bila nyasi, meno yake ya nyuma yanaweza kukua vibaya bila mtu kujua.

Jambo la tatu ni upweke na kubanwa. Sungura aliyefungiwa kizimbani peke yake bila kitu cha kufanya atatafuna chochote: mbao, waya, hata bakuli la maji.

Jambo la nne ni njaa. Hili ndilo lililowaua wale wawili, na tutalirudia.

3. KATONI YENYEWE NI KITU GANI?

Katoni ya kahawia ya kawaida hutengenezwa kwa nyuzi za miti, au kwa karatasi kuukuu zilizosagwa upya. Ndani ina mawimbi yaliyobandikwa kwa gundi, na gundi hiyo kwa kawaida ni ya wanga, kama wa mahindi. Kwa hiyo kipande kidogo cha katoni safi kikiingia tumboni mwa sungura mzima, anayekula nyasi na kunywa maji, kwa kawaida hupita na kutoka na kinyesi.

Lakini katoni si chakula. Haina protini wala vitamini za kumtosha mnyama. Mfugaji mmoja alituambia, "Mbona mbuzi wangu hula makaratasi na hafi?" Tulimjibu hivi. Mbuzi na ng'ombe wana tumbo lenye sehemu nne na hucheua. Ndani ya sehemu ile kubwa mna vijidudu vingi vinavyovunja nyuzi ngumu kabla chakula hakijaendelea. Hata huko Marekani, katika miaka ya 1970, watafiti walijaribu kuwalisha ng'ombe karatasi za magazeti zilizochanganywa na chakula kingine. Lakini sungura ana tumbo moja dogo, na vijidudu vyake viko mbele zaidi, karibu na mwisho wa utumbo. Tena sungura hawezi kutapika. Kikiingia kitu kibaya, njia ni moja tu, kwenda mbele. Kikikwama, kimekwama.

Kinachosukuma chakula tumboni mwa sungura ni vitu viwili: nyasi ndefu na maji. Sungura wa kilo tatu anaweza kunywa karibu nusu lita ya maji kwa siku wakati wa joto, na mama anayenyonyesha hunywa zaidi. Mtoe nyasi, mpunguzie maji, halafu mwachie katoni mbele yake. Si ajabu likatokea donge kama lile tuliloliona.

4. KATONI GANI NI SALAMA, NA GANI SI SALAMA?

Katoni za kukubali ni zile za kahawia, kavu, zisizo na harufu, zilizobeba vitu kama sabuni za mche zilizofungwa vizuri, biskuti, majani ya chai au unga wa paketi. Hata hizo zitengenezwe kwanza:

• Toa utepe wote wa kunata. Huo ni plastiki, hausagiki.
• Toa pini za chuma zote. Pitisha mkono ndani na nje.
• Ng'oa karatasi za anwani na sehemu zenye gundi nzito.
• Kata sehemu zenye rangi nyingi au zinazong'aa.
• Kung'uta, kisha anika juani kwa siku moja.

Katoni za kukataa kabisa, hata ukipewa bure:

• Katoni kutoka agroveti zilizobeba dawa ya kuogesha mifugo, dawa ya kunyunyizia mimea au dawa ya panya. Chupa moja ikivuja, sumu huingia katika katoni na hukauka humo bila kuonekana. Wengi wetu hupata katoni huko kwa sababu ndiko tunakonunua dawa. Hapo tuwe macho.
• Katoni za maua kutoka mashamba makubwa. Maua hunyunyiziwa dawa nyingi, na hatujui kilichodondoka ndani.
• Katoni zilizopakwa nta au plastiki ili zisilowe.
• Pakiti za maziwa na za maji ya matunda. Nje zinafanana na kadibodi, lakini zina tabaka la plastiki, na nyingi zina tabaka jembamba la madini pia.
• Trei za mayai zilizokwisha kutumika. Karatasi yake si mbaya, lakini huwa zimebeba kinyesi cha kuku na magonjwa yake.
• Katoni yoyote iliyolowa, yenye kuvu au iliyobeba mafuta ya taa, saruji au rangi.

Mkumbuke kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na moja ya sababu zilizotajwa ni mifugo waliokuwa wakiila. Basi tusiirudishe plastiki hiyo hiyo kizimbani kwa njia ya utepe wa katoni.

5. KATONI YA KUZALIA

Sungura hubeba mimba kwa siku 31 hivi. Mwekee sanduku la kuzalia siku ya 27 au ya 28. Ukiliweka mapema sana ataligeuza choo. Katoni iwe na urefu wa sentimita 40, upana wa 30 na kimo cha 30 hivi. Mlango uwe umeinuka kidogo, ili vitoto visitambae nje na kufa kwa baridi. Usiku wa Juni na Julai huku bondeni mnaujua.

Toboa matundu madogo chini ili mkojo upite. Jaza nyasi kavu laini. Jike mwenyewe ataongeza manyoya yake. Angalia kila asubuhi. Katoni ikilowa, badilisha mara moja, maana unyevu huleta harufu kali inayoumiza mapafu, na huleta ugonjwa wa kuhara unaomaliza vitoto vyote kwa siku chache. Katoni moja ni ya uzazi mmoja. Usimhamishie sungura mwingine. Ichome au itie kwenye mbolea.

Kikundi kikipata fedha, mtengeneze masanduku ya mbao zisizopakwa rangi wala dawa. Katoni ni ya kuanzia tu.

6. VITU BORA VYA KUTAFUNA

Cha kwanza ni nyasi kavu, ziwepo kizimbani usiku na mchana. Nyasi za Boma Rhodes ambazo wengi huku Kajiado wamepanda na kufunga marobota ni nzuri sana. Ziwe na rangi ya kijani kidogo na zisiwe na vumbi la kuvu.

Cha pili ni vijiti. Matawi machanga ya mpera na ya mforosadi yanafaa, pamoja na maganda makavu ya mahindi. Lakini msimpe majani ya mparachichi, majani ya viazi vya kizungu, majani ya nyanya, wala ule mti wa ua wenye maua ya rangi nyingi unaoitwa lantana. Hayo ni sumu kwake.

Cha tatu ni katoni safi, kipande cha ukubwa wa kiganja au boksi dogo la kujifichia. Hicho ni kichezeo. Tazama anachofanya nacho. Akikata na kutupa vipande chini, hakuna shida. Akimeza kipande baada ya kipande, iondoe, kisha uangalie kama nyasi ziko. Mara nyingi utakuta hazipo.

7. DALILI ZA HATARI

Jifunzeni kuangalia kinyesi kila asubuhi. Sungura mzima hutoa vipande vingi vya mviringo, vikubwa na vyenye nyuzi. Msishtuke mkimwona akila kile kinyesi laini cha usiku, hiyo ni kawaida yake na inamjenga. Lakini mwone ofisa wa mifugo upesi ukiona:

• kinyesi kimekuwa kidogo sana, kikavu, au hakuna kabisa;
• amekataa kula, hasa ikipita nusu siku;
• amejikunyata pembeni na anasaga meno;
• tumbo limejaa na ni gumu.

Mkisubiri ofisa, mpeni maji safi, nyasi na majani mabichi, na mumweke kivulini. Msimlazimishe kumeza mafuta au soda. Na msichukue dawa ya ng'ombe iliyobaki kwenye chupa mkampa. Kuna dawa za jamii ya penisilini ambazo sungura akimezeshwa huua vijidudu vizuri vya tumboni, na mnyama hufa haraka kuliko ugonjwa wenyewe.

8. CHANZO CHENYEWE

Sasa turudi kwa wale akina mama. Ofisa alipouliza nyasi ziliisha lini, kila mtu alinyamaza. Mwishowe mama mmoja aliyekuwa zamu wiki hiyo alisema polepole kwamba robota lilikuwa limeisha siku tisa kabla. Hakusema kwa sababu alikuwa hajalipa mchango wake wa merigoraundi kwa miezi miwili. Aliogopa kusimama mbele ya wenzake kuomba fedha za nyasi ilhali yeye ana deni. Akawa anawapa sungura maganda kidogo ya jikoni, akitumaini mvua.

Na Enkiteng? Msichana alikuwa akitoka shuleni kila jioni anapita kwenye korongo, anang'oa konzi mbili za nyasi zilizobaki chini ya mawe, na anamgawia maji yake ya kunywa. Tena alikuwa ameng'oa utepe wote wa katoni na kuupeleka shuleni kubandikia vitabu. Yeye alifanya yote tuliyosahau kuwafundisha wakubwa.

Tuliomba radhi mbele ya kikundi. Tuliwafundisha kutumia katoni bila kuwaambia watoe utepe, na mtoto alipouliza tulimjibu ovyo. Yule mama naye aliomba radhi. Mwenyekiti, ambaye ni mtu mzima, akasema, "Yeyo, kosa si lako peke yako. Sisi tuliweka sheria ya deni, hatukuweka sheria ya njaa ya mnyama." Jike wa tatu alipona baada ya siku nne.

Tangu hapo kikundi kilikubaliana mambo matatu:

(i) Fedha za nyasi ziwekwe kando na mweka hazina, zisichanganywe na merigoraundi.
(ii) Kuwe na daftari la zamu. Kila jioni anayehusika aandike nyasi zilizobaki, maji, na kinyesi kilivyo. Mali bila daftari hupotea bila habari.
(iii) Anayetangaza kwamba nyasi zimebaki za siku tatu asiulizwe habari ya deni lake siku hiyo.

Na msimu wa nyasi, kila mama hukata, hukausha na kuweka akiba yake kidogo, juu ya mbao, mvua isifike.

9. KWA UFUPI

Katoni safi haiui sungura aliyeshiba nyasi na maji. Inayoua ni katoni chafu, utepe, pini, sumu, na katoni inayochukua nafasi ya nyasi. Ukimwona sungura wako anakula nyumba yake, usiishie kuilaumu nyumba. Angalia kwanza hori lake.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katoni tunazotumia zinatoka wapi? Nani ana hakika zilibeba nini?
2. Leo tuna nyasi za siku ngapi? Nani anajua jibu bila kwenda kuangalia?
3. Je, katika kikundi chetu mtu mwenye deni anaweza kusema shida bila kuogopa? Tufanye nini ili aweze?
4. Ni swali gani la mtoto au la mzee ambalo tumelipuuza mwaka huu?
5. Wanachama wawili watoke sasa hivi wakague kizimba, wapitishe mkono katika kila katoni, na walete hapa utepe na pini zote watakazopata. Zihesabiwe mbele ya wote.

Watoto wa klabu za 4-K, yaani Kuungana, Kufanya na Kusaidia Kenya, wanaofuga sungura shuleni, nao wasomewe somo hili. Wanaotaka mbegu nzuri ya sungura waulizie kwa ofisa wa mifugo wa wadi, au katika kituo cha serikali cha kuzalisha sungura kule Ngong.

Tunawatakia kazi njema na nyasi za kutosha.